Ulingo Hauna Mamlaka juu ya Kata

Ukitaka kuchekwa katika jimu ya ngumi, iwe Dar es Salaam au Nairobi, sema unafanya kata. Utaambiwa hiyo ni ngoma. Utaambiwa hewa haijawahi kumrudishia mtu ngumi. Kisha mmoja atatoa simu akuonyeshe ile video ya Chengdu ya Aprili 2017: Xu Xiaodong, mpiganaji wa MMA, amesimama mbele ya Wei Lei, mwalimu wa tai chi aliyesifiwa kwa nguvu zisizoonekana. Hazipiti sekunde 20, mwalimu yuko chini na ngumi zinamshukia kichwani. Simu inarudi mfukoni. Kesi imekwisha.

Mimi naikatia rufaa. Si kwa ajili ya Wei Lei, ambaye alikipata alichokitafuta, bali kwa sababu ya hitimisho linalochomekwa nyuma ya video hiyo bila mtu kuulizwa: kwamba mapigo yaliyopangwa na kukaririwa, yale ambayo wanakarate huyaita kata, hayamsaidii chochote mtu anayetaka kujihami, na kwamba kipimo pekee cha sanaa ya mapigano ni ulingo. Hoja hii ina ukoo wake. Bruce Lee aliishambulia karate ya jadi kwenye jarida la Black Belt mwaka 1971, akiwataka wasomaji wajikomboe kutoka humo, na vijana waliomwona baadaye kwenye vibanda vya video walibaki na mateke, hoja wakaisikia kwa wengine. Halafu tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, kwenye mashindano ya kwanza ya UFC, Mbrazili mwembamba aitwaye Royce Gracie aliwamaliza wapinzani watatu kwa usiku mmoja. Akina siye tuliolelewa kwenye dojo tulinyamaza. Tangu usiku ule kila mwenye glavu anajiona hakimu.

Yaliyo kweli niyakubali mapema, tusipotezeane muda. Hakuna anayejifunza kupigana bila mtu wa kumrudishia. Mkanda mweusi ambaye miaka yote amepiga hewa atapigwa na kijana wa miezi sita ya ndondi, tena atapigwa vibaya. Lakini hilo linasema kata peke yake haitoshi. Halisemi kata haifai, na mtu anayeyachanganya hayo mawili hajafanya uchunguzi, amefurahia video.

Swali la kwanza la hakimu yeyote ni mamlaka: je, kesi hii ni ya mahakama hii? Kata za karate zilitoka Okinawa, na mtu aliyezipeleka mashuleni, Itosu Anko, aliandika barua Oktoba 1908 akieleza karate ni nini. Katika barua hiyo anasema waziwazi kwamba karate haikukusudiwa kwa pambano na mpinzani mmoja. Imekusudiwa kwa mtu aliyekutwa ghafla na mhuni, ili mikono na miguu yake imtoe salama. Anaongeza kwamba kila tendo la kata ni lazima mwanafunzi ajue linatumika wapi, na kwamba njia za kuingia, kupokea na kujinasua katika mshiko ni nyingi, nyingine hufundishwa kwa mdomo tu. Mwenye mali amesema mwenyewe kwamba hii si ya mashindano. Sisi tumeichukua, tumeipandisha ulingoni, imeshindwa, tumeshangilia. Kesi ya mirathi haipelekwi mahakama ya kijeshi, na ikipelekwa, hukumu yake haina uzito hata kama majaji wote wamekubaliana.

Tuangalie basi mhuni anafanya nini. Mkabaji hakupi nafasi ya kugonganisha glavu. Anatoka nyuma, mkono unazunguka koo, kisigino chako kinaacha ardhi, mwenzake anapita mifukoni. Dar wanaiita roba, Nairobi wanaiita ngeta, na pande zote mbili za mpaka ni jambo la sekunde chache. Ugomvi wa baa una sura nyingine: mkono wa kushoto umekukwida ukosi wa shati, matusi yanatoka, mkono wa kulia unasubiri matusi yaishe. Mwanamke hukamatwa kifundo cha mkono, au nywele, au husukumwa hadi ukutani. Katika matukio haya yote kitu cha kwanza ni mshiko. Ngumi, ikija, inakuja baadaye, na inamkuta mtu ambaye tayari ameshikwa.

Sasa niambie ni wapi bondia anajifunza kushikwa shati. Glavu yake haina vidole vya kushikia, refa huwatenganisha wanaokumbatiana, na kifua chake kiko wazi. MMA inakaribia zaidi, kwa kuwa glavu zake zinaacha vidole huru na kabali ni halali, lakini hata humo hakuna ukosi, hakuna kisu, hakuna wa pili anayekuja ubavuni, hakuna mtoto uliyemshika mkono. Zaidi ya hayo, wawili wa ulingoni wamekubaliana kupigana, wamepimwa uzito, wanajua saa ya kuanza. Mshindi ni yule anayembakiza mwenzake chini. Mtaani ukishapata upenyo unakimbia, na aliyebaki kupigana raundi ya pili na kibaka ana matatizo mengine.

Kata sasa. Chukua Naihanchi, ambayo wanafunzi wa Shotokan wanaijua kwa jina la Tekki. Ni fupi na inachekesha kuitazama: mtu anakwenda ubavuubavu, kulia na kushoto, haendi mbele wala nyuma hata hatua moja. Nani anapigana hivyo? Mguu wa kushoto unavuka mbele ya wa kulia, mkono wa kulia unafunguka na kwenda upande kwa mgongo wa kiganja, kisha kiwiko cha kushoto kinakuja kwa nguvu na kugonga kiganja hichohicho cha kulia. Mtazamaji anacheka: huyu anajipiga mwenyewe! Lakini hakuna aliyewahi kushambuliwa na kiganja chake. Kiganja kile kimeshika kitu, na kitu kinachokaa kwenye urefu ule ni shingo, sikio, au nyuma ya kichwa. Weka kichwa cha mtu kati ya kiganja na kiwiko, vicheko vitaisha.

Tuendelee kidogo, maana hapa ndipo kesi ilipo. Baada ya kiwiko, ngumi zote mbili zinarundikwa kwenye nyonga ya kulia, moja juu ya nyingine. Bondia anauliza: uso umemwachia nani? Ni swali zuri ikiwa mmesimama hatua mbili mbali. Lakini ikiwa kuna mkono wa mtu kati ya ngumi hizo, umemvuta kwa uzito wako wote, yeye ndiye asiye na uso wa kulinda, kwa sababu bega lake limegeuka na miguu yake inatafuta pa kukanyaga. Kisha mkono wa kushoto unafagia chini upande wa pili, unarudi nyongani, na wa kulia unatoa ngumi fupi inayopita mbele ya kifua, kiwiko kimekunjwa. Ngumi hiyo haimfikii mtu aliye mbali. Ipime mwenyewe: inaishia karibu na bega lako la pili. Mtu pekee anayeweza kupigwa nayo ni yule ambaye mkono mwingine umemleta pale. Huu mkono unaorudi nyongani ndio dhihaka kubwa ya watu wa ulingoni, nao wana haki ya kudhihaki namna unavyofundishwa, maana madojo mengi yanausema ni wa kuongeza nguvu ya ngumi. Hauongezi chochote cha maana. Unavuta.

Na hizi si njozi zangu. Motobu Choki, aliyezaliwa Okinawa mwaka 1870, alijulikana kwa kupigana na watu wasiokubali kushindwa kirafiki, na kata aliyoishikilia maisha yake yote ni hiyohiyo Naihanchi. Katika miaka ya 1920, akiwa na umri unaozidi miaka 50, alimwangusha bondia wa kigeni mjini Kyoto, na jarida la Kingu likaisimulia habari hiyo mwaka 1925. (Wachoraji wa jarida wakaweka sura ya Funakoshi Gichin, mwalimu mwenzake wa karate, badala ya Motobu, unaweza kukisia jinsi hilo lilivyompendeza.) Kitabu chake cha mwaka 1926 kimejaa picha za watu wawili waliosogeleana kabisa, mkono umeshikwa, mwingine unapiga. Aliyekitazama kitabu kile hawezi kusema kwamba wazee walidhani mtu atashambuliwa na ngumi ndefu moja kutoka mita mbili, kisha mshambuliaji asimame na kusubiri ajibiwe.

Hiyo ngumi ndefu ilitoka wapi, basi? Ilitoka darasani. Mwaka 1901 Itosu aliingiza karate katika shule ya msingi ya Shuri, na miaka michache baadaye akatunga kata tano za Pinan kwa ajili ya wanafunzi. Lengo lilikuwa afya na nidhamu, katika taifa lililokuwa likiandaa vijana wa jeshi. Huwezi kuwafundisha watoto 60 waliopanga mistari namna ya kuvunja shingo, kwa hiyo walifundishwa umbo na kuhesabiwa, na maelezo yakabaki kwa wanafunzi wachache wa nyumbani. Funakoshi akaipeleka Tokyo mwaka 1922, vyuo vikuu vikaipokea, mistari ikarefuka. Hata yeye bado aliweka miereka na mitupo katika kitabu chake cha 1935, lakini hebu tafuta dojo inayoifundisha leo. Mwaka 1957 Chama cha Karate cha Japani kikafanya mashindano yake ya kwanza ya taifa. Kufikia Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, kata ilikuwa mchezo wa medali wenye alama zake: asilimia 70 kwa ufundi, 30 kwa nguvu na wepesi wa mwili. Kiyuna Ryo wa Okinawa alichukua dhahabu, na alistahili. Lakini katika alama zile hapakuwa na hata moja ya kuuliza kama tendo hili lingemwangusha mtu.

Kwa hiyo anayecheka kata anacheka nakala ya nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya paredi ya shule. Tunaweza kucheka pamoja. Ila tusiseme tumeicheka hati yenyewe.

Sasa hoja yao kali, ambayo wengi wetu huikwepa. Wanasema: kama kata inahitaji mtu wa kukushika ndipo ieleweke, kwa nini msiitupe kata mbaki na huyo mtu? Fanyeni mazoezi ya mshiko na kujinasua, wawili wawili, kwa nguvu, kila siku. Mnabeba mzoga wa nini?

Jibu langu liko Kodokan, makao makuu ya judo, na nalipenda kwa sababu linatoka kwao. Kano Jigoro alianzisha judo mwaka 1882, naye ndiye aliyeiweka randori, mazoezi huru na mtu anayekataa kuanguka, kuwa moyo wa mafunzo. Karibu kila kinachosemwa leo kuhusu mazoezi “hai” kina deni kwake. Hata hivyo Kano hakuitupa kata, na mwaka 1956, Kodokan ilipotaka kuwafundisha watu kujihami, hapohapo kwenye makao makuu ya randori duniani, ilitunga kata: Kodokan Goshin Jutsu, mbinu 21, kuanzia kushikwa mikono na kukabwa kutoka nyuma hadi kisu, fimbo na bastola. Hawakuwa wajinga wa mapambano halisi. Walijua kwamba kisu hakifanyiwi randori, kwamba kidole cha jichoni huwezi kukirusha kwa nguvu zote kwa rafiki yako jioni ya Jumanne, na kwamba mambo yasiyoweza kujaribiwa huru ni lazima yahifadhiwe kwa namna fulani, yakaririwe, yapite kwa mwanafunzi anayefuata bila kupungua. Kata ni namna hiyo. Tena ina faida ya kimaskini ambayo watu wa jimu hawaifikirii: haihitaji ada, mkeka wala mtu wa pili. Mlinzi wa usiku anaweza kuirudia getini.

Hapa kuna jambo jingine linaloniudhi. Wanaoung’ang’ania ulingo wanazungumza kana kwamba kujihami kumepimwa na ulingo ukashinda. Kumepimwa, ndiyo, lakini si na ulingo. Mwaka 2015 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa vyuo vikuu vitatu vya Kanada uliohusisha wanafunzi wa kike 893. Waliopewa mafunzo ya saa 12 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na waliobakwa kati yao walikuwa asilimia 5.2, dhidi ya 9.8 kwa wenzao waliopewa vipeperushi. Saa 12! Katika muda huo bondia bado anafundishwa kusimama. Sehemu kubwa ya mafunzo ilikuwa kutambua hatari mapema na kuondoa ule woga wa kumuudhi mtu unayemfahamu, kisha vitendo vichache vya mwili dhidi ya mishiko inayojulikana. Nairobi nako, katika mitaa ya mabanda, wasichana waliofundishwa kupaza sauti, kukataa na kupiga sehemu laini waliripotiwa katika jarida la Pediatrics mwaka 2014, na zaidi ya nusu yao walisema wameutumia ujuzi huo kuzuia shambulio ndani ya mwaka uliofuata, mara nyingi kwa mdomo tu.

Sidai kwamba mafunzo hayo yalikuwa kata. Nadai kwamba yanafanana na kata kuliko yanavyofanana na raundi tatu za ulingo: mashambulizi machache yanayotarajiwa, majibu machache yaliyokaririwa mpaka yanatoka bila kuombwa, na mwisho ambao ni kuondoka. Akina shosho, mabibi wa Korogocho, Nairobi, wanaojifunza kupiga begi na kupiga kelele hawajiandai kwa ubingwa wowote, na hakuna aliyethubutu kuwaambia wapande kwanza ulingoni ndipo tuwaamini.

Ningeweza kumwita Lyoto Machida kuwa shahidi, mtoto wa dojo ya Shotokan aliyetwaa ubingwa wa UFC Mei 2009, na wengi wa upande wangu humkimbilia. Simwiti. Nikisha kuikataa mahakama siwezi kuifurahia siku inaponipa ushindi.

Na “ngoma” imekuwa tusi tangu lini? Pale Lamu, kwenye kirumbizi, wanaume wawili wanaingia uwanjani na fimbo, ngoma na zumari vinalia, wanapigana kwa mpangilio ambao kila mtu anaujua, na asiyekinga anaondoka na alama mwilini. Ni ngoma, na ni fimbo ya kweli. Wazee hawakuona haja ya kuchagua kimoja. Wala hawakumwacha kijana acheze kirumbizi peke yake mbele ya kioo, na hapo ndipo dojo zetu zilipokosea.

Maana sina nia ya kuwatetea watu wa upande wangu. Mwalimu anayesema kata yake ina siri ya kuua ambayo atakufunulia ukifika dani ya nne ni mfanyabiashara. Mbinu ambayo haijawahi kumpata mtu anayekataa si siri, ni uvumi. Wala si kila mfululizo wa mapigo unastahili utetezi huu. Taegeuk za taekwondo zilitungwa miaka ya 1970 ili ziwe ngazi za mikanda, na sijaona sababu ya kutafuta ndani yake kujinasua na roba. Taolu za wushu za mashindano, zenye kuruka na kuzunguka hewani, ni sarakasi nzuri sana, na zinajitosheleza kwa uzuri wake. Hata kwenye karate, dojo inayofundisha kata 20 na ambayo haijawahi kumruhusu mwanafunzi amkwide mwenzake shati ingefanya vizuri kubaki na mbili.

Kuipima kata si kazi ngumu, na hakuhitaji refa. Unaangalia kwanza inadhani umeshambuliwaje. Ikidhani umeshikwa, umesukumwa au umekabwa, iko mtaani. Ikidhani mtu atakurushia ngumi moja ndefu na kuganda, iko darasani. Kisha unamweka mtu ndani yake, mtu mzito kuliko wewe, aliyevaa shati ambalo hajali likichanika. Mwambie akushike kweli, akuvute, akutukane, akiweza akubane ukutani. Mara ya kwanza umbo litavunjika, na ni vizuri livunjike, kwa sababu utaona ni kipande gani kimebaki mkononi. Kwa Naihanchi, kinachobaki mara nyingi ni ule mkono unaovuta na kile kiwiko. Vitu viwili. Kwa mtu aliyekwidwa nje ya baa vinatosha kumpa nafasi ya kufika barabarani.

Na mwezi ujao sensei wako atakapotangaza mtihani wa mkanda, pamoja na ada yake na kata mpya ya kukariri, mwombe kwa heshima zote akuonyeshe ile ya zamani juu ya mtu anayekataa. Asipoweza, hela yako ibaki mfukoni, na wala usimwambie mtu yeyote kwamba ni kata iliyoshindwa.